Ufundi wa Kupanga Njia

Chukua mnara mmoja pale Mkonze wenye njia mbili za kufika Dodoma mjini: faiba ya gigabiti 10 na redio ya zamani ya megabiti 100. Mimi na wewe tungepitisha data kwenye faiba bila kufikiri. Rauta nyingi, zikiachwa zilivyotoka kiwandani, hazioni hivyo. Hupata gharama ya njia kwa kugawanya megabiti 100 kwa kasi yake, kipimo cha enzi ambazo kasi hiyo ilikuwa ya kutisha, na jibu lolote chini ya moja huhesabiwa moja. Faiba inapata 1, redio inapata 1, mzigo unagawanywa nusu kwa nusu. Redio inaelemewa, na mteja analalamika kuwa mtandao unasumbua. Fundi anayejua kazi hubadilisha kipimo hicho kwenye kila rauta, basi. Hakuna waya ulioguswa.

Naupenda ufundi huu kwa subira yake. Njia ikifa kimyakimya, itifaki ya OSPF, ndiyo inayotumia gharama hizo kuchagua njia, kwa kawaida hungoja sekunde 40 ndipo imhesabu jirani kuwa hayupo. Kwa anayetuma pesa ni muda mrefu, na unaweza kushushwa hadi chini ya sekunde moja. Lakini redio ikiyumbayumba wakati wa mvua, kila kuyumba kunalazimisha rauta zote za eneo zikokotoe upya. Haraka haraka haina baraka? Ni nusu ya kweli: fundi mzuri huiacha njia mbovu upesi, ila hairudii mpaka itulie.

Kati ya kampuni na kampuni mambo ni mengine. Huko inatawala itifaki nyingine, BGP, ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora kwenye karatasi za kupangusia mikono mwaka 1989. Yenyewe haipimi kasi. Inafuata makubaliano, na makubaliano yana bei. Jaribu kumweleza mhasibu kwa nini kila mwezi mnalipia njia ya akiba ambayo karibu haipitishi kitu.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa amenunua moja iwe akiba ya nyingine alikosa zote mbili. Fundi makini, kabla ya kuuliza bei ya njia ya pili, huomba kwanza ramani ya inakopita.