Dereva Asiyeshika Usukani

Jumapili ya tarehe 5 Agosti 1962, katika barabara itokayo Durban kwenda Johannesburg, mahali paitwapo Cedara karibu na Howick, alitiwa mbaroni mtu ambaye serikali ya Makaburu ilikuwa imemsaka kwa miezi 17 bila ya kuona hata kivuli chake. Nami, baada ya kuisikia habari hiyo ikibishaniwa miaka nenda miaka rudi katika mabaraza ya Kariakoo, na kutoka huko mpaka Jangwani, nasema pasi na kigugumizi kwamba kilichomwangusha Nelson Mandela si ustadi wa polisi, wala si mkono wa Mmarekani, bali ni kulizoea vazi lake mpaka akasahau kwamba vazi hilo lina kazi yake.

Wasomaji wa safu hii wanakijua kisa, lakini naomba tusimame pale pale barabarani, kwa kuwa hapo ndipo elimu yote ya kujificha ilipoanguka. Mzee Mandela alikuwa amevaa koti jeupe la udereva, na jina alilolichukua lilikuwa David Motsamayi. Kando yake alikuwapo Cecil Williams, Mzungu, mwongozaji wa michezo ya kuigiza, ambaye machoni pa watu ndiye aliyekuwa bwana wa gari na mwajiri wa dereva huyo. Lakini kwa maneno ya Mandela mwenyewe aliyoyaandika baadaye, wawili hao walikuwa wakipokezana usukani, na saa ile ya msiba usukani ulikuwa mikononi mwa Cecil, naye “dereva” amekaa kiti cha abiria, akiitazama mandhari ya Natal isiyokauka hata wakati wa kipupwe, akiipima reli iendayo sambamba na barabara na kuwaza wapi pafaa kuhujumiwa, na akiyatia mawazo hayo katika kijitabu. Ghafula Ford V8 iliyojaa Wazungu ikawapita upande wa kulia, na alipogeuka nyuma akaona magari mengine mawili. Sajini mmoja, ndevu hazijanyolewa na uso wa mtu aliyekesha, akaja moja kwa moja kwenye dirisha la abiria na kujitambulisha kwamba yeye ni Vorster wa polisi ya Pietermaritzburg. Mzee akajibu kwamba yeye ni David Motsamayi. Sajini akamwambia kwamba anamjua kuwa ni Mandela, na kwamba huyu wa pili ni Cecil Williams.

Sasa tulipime jambo hilo kwa insafu. Ile ilikuwa nchi ambayo sheria ilimgawia kila mtu kiti chake, benchi lake na mlango wake, na ambayo mtoto mdogo alijua kwa kutazama tu nani amtumikiaye nani ndani ya gari. Katika nchi kama hiyo Mwafrika mwenye koti la udereva, aliyekaa akistarehe huku bwana wake Mzungu akimwendesha mchana kweupe, si mtu aliyejificha. Ni mtu anayewaomba wapitao wamtazame mara ya pili. Hapa kwetu, enzi za Mwingereza, wageni wa mji waliokosa ajira na stakabadhi ya kodi walikuwa wakikamatwa na kurejeshwa makwao kwa jina la wahuni, na waliosalimika katika vyumba vya uani vya Kariakoo waliielewa kanuni hii bila ya kufundishwa na chama chochote: ukijiita hamali, gunia na liwe begani askari atokeapo, wala si chini ya miguu yako. Koti ni nusu ya sitara, na nusu ya pili ni kazi.

Najua nitakayojibiwa. Vijana wetu wa barazani hupenda kusema kwamba Mandela aliuzwa, na tangu mwaka 2016, ulimwengu ulipopata maelezo ya Donald Rickard, aliyekuwa naibu balozi mdogo wa Marekani mjini Durban na mtu wa shirika la ujasusi la nchi yake, ya kwamba yeye ndiye aliyewapasha polisi habari, wamejiona wamemaliza maneno. Fauka ya hayo watasema kwamba sajini alikuja na hati ya kukamatia mkononi, kwa hiyo hata Mzee angeshika usukani angekamatwa. Siyakatai hayo mawili, na kwa kweli hayo ndiyo yanayoitia nguvu hoja yangu. Habari ya jasusi humfaa polisi maadamu mtafutwa hajabadilisha kitu. Na yeye hakubadilisha kitu. Aliporejea kutoka safari yake ya Afrika, na ndege ikatua Kanye katika Bechuanaland, hakimu wa Kiingereza alimwonya waziwazi kwamba polisi wa Afrika Kusini wana habari ya kurudi kwake. Aliyempokea huko na kumvusha usiku mpaka shamba la maficho la Liliesleaf alikuwa Cecil yule yule. Akaenda Durban kumpa taarifa Chifu Luthuli, rais wa chama chao cha ANC, na wenziwe, jambo ambalo silitii doa hata kidogo, kwa kuwa kiongozi asiyetoa hesabu kwa chama chake hana haki ya kujificha kwa jina la chama. Lakini Jumamosi usiku akakaa katika karamu nyumbani kwa mpiga picha wa magazeti G. R. Naidoo, mbele ya kundi zima la marafiki, na kesho yake akashika njia ile ile, na mwenza yule yule, kwa jina lile lile na kazi ile ile ya bandia, bila ya kungoja giza. Alhasili, Mmarekani, kama ni yeye, hakuhitaji kujua siri yoyote. Alihitaji kujua mazoea tu.

Na zile ndevu! Wenzake walimsihi azinyoe, maana picha iliyoenea kila kituo cha polisi ilikuwa ni ya mtu mwenye ndevu, naye akakataa kwa sababu alikuwa amezipenda. Nimekwisha kuandika zamani, na sitachoka kuandika, kwamba anayejificha hana ruhusa ya kuipenda sura yake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu huyu aliijua kazi. Mwaka 1961 alitembea Johannesburg kwa ovaroli la kibarua, akawapigia wahariri wa magazeti kwa simu za sarafu, na hakuna aliyemshika. Alipokuwa amefichwa katika chumba cha Wolfie Kodesh, mtaa wa Wazungu wa Berea, aliacha maziwa ya mgando dirishani, akawasikia nje vijana wawili wakiulizana kwa Kizulu maziwa ya aina yao yanatafuta nini katika dirisha la Mzungu. Usiku uliofuata akahama. Hiyo ndiyo tadbiri: neno moja la kupita, na mtu ameondoka. Hata hapa Dar es Salaam, alipopita Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wetu, na kuonana na Mwalimu Nyerere, mambo yalikwenda kwa hadhari, na buti zake alizoziacha nyumbani kwa Waziri Nsilo Swai zilitunzwa na mama mwenye nyumba, Vicky, mpaka akarudishiwa mwenyewe mwaka 1995.

Baina ya dirisha la Berea na barabara ya Howick pana jukwaa la Addis Ababa, na mimi nalilaumu jukwaa hilo kuliko watu wengi wanavyolilaumu. Februari 1962 alisimama katika mkutano wa nchi za Afrika akahutubia kwa jina lake, kisha akapokewa na marais na mawaziri kutoka Cairo mpaka Accra, na mtu aliyekwisha kuitwa mheshimiwa kwa miezi sita huona uzito kurudi kuwa boi wa mtu.

Mtwa Mkwawa wa Wahehe hakuonja uzito huo. Ngome ya Kalenga ilipoanguka tarehe 30 Oktoba 1894, yeye aliyekuwa ameiangamiza safari ya kivita ya Mjerumani Zelewski pale Lugalo mwaka 1891 aliingia porini, akakaa karibu miaka minne mbele ya Tom von Prince na askari wake, huku rupia 5,000 zimewekwa juu ya kichwa chake, na ndugu yake Mpangile, ambaye Wajerumani walikuwa wamemtawaza wenyewe, wakimwua mwaka 1897 kwa kumshuku. Hakukaa pahali pamoja, wala hakungoja aonywe mara mbili, na alipokuwa taabani huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi mwenyewe, Wajerumani wakakuta maiti. Watu husema zama zile zilikuwa nyepesi, hapakuwa na simu wala picha. Lakini palikuwa na njaa, palikuwa na watu wa kununuliwa, na palikuwa na nyayo juu ya umande, na nyayo hazinyolewi kama ndevu.

Nasi tuliowalea wapigania uhuru katika mji huu tusijifanye tulikuwa na hadhari kuliko wao. Dkt. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa hapa tarehe 3 Februari 1969 kwa kitabu chenye bomu kilicholetwa kwa posta, akakifungua kwa mkono wake.

Pale Cedara Mzee alifanya jambo moja barabara: bastola yake isiyo na kibali na kile kijitabu alivisokomeza katikati ya viti, na polisi hawakuviona kamwe. Alihukumiwa Novemba 1962 miaka mitano, mitatu kwa kuchochea mgomo na miwili kwa kutoka nchini bila ya pasipoti. Lakini wenzake wakaendelea kulitumia shamba la Liliesleaf, ilhali aliyekuwa mpangaji wake yumo gerezani na njia za kwendea huko zimekwisha kuzoewa na wengi, na karatasi zake, ambazo alikwisha kuagiza kutoka kifungoni ziteketezwe, zikabaki humo. Tarehe 11 Julai 1963 gari la dobi liliingia uani na polisi wakashuka. Walichukua mamia ya karatasi, miongoni mwake kumbukumbu za safari ya Afrika kwa mwandiko wake mwenyewe, na hizo zilitolewa ushahidi katika kesi iliyompa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964.