Pongezi kwa Wapishi wa Injera

Katika migahawa ya kifamilia ya Waethiopia jijini Nairobi, mteja huiona injera, mkate wao mwembamba, ikiwa imeshatandazwa kwenye sinia. Haoni kwamba unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi, ulikorogwa siku kadhaa kabla ukaachwa uchachuke. Alfajiri mama humimina uji huo akiuzungusha juu ya mitad, kikaango kipana, kisha hufunika. Injera haigeuzwi; ikiharibika, imeharibika. Vitunguu vya doro wat, mchuzi wa kuku, navyo hukaangwa vikavu, bila mafuta, hadi vilainike kabisa, na mkono haupumziki. Bei ya sinia hailipi usingizi anaoukosa mpishi. Jumatano na Ijumaa, dengu na shiro, mchuzi wa unga wa jamii ya kunde, hupikwa bila siagi, ili Mwothodoksi aliyefunga naye ashibe.