Filamu ya Profesa Mazrui Itazamwapo Kutoka Ng'ambo

Mtu aketiye kutazama filamu inayohusu nchi yake mwenyewe ana kazi mbili. Ya kwanza ni kutazama kama watazamavyo wengine. Ya pili ni kuuliza mwenye kuitengeneza alikuwa amesimama wapi, kwa kuwa mahali aliposimama ndipo panapoamua kipi kitaonekana karibu na kikubwa, na kipi kitaonekana mbali na kidogo. Nataka, msomaji, tuifanye kazi hii ya pili juu ya filamu ya mwana wa Mombasa, iitwayo "The Africans: A Triple Heritage", ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita "Waafrika: Urithi wa Aina Tatu". Wewe ukaaye Likoni, Kisauni au Changamwe wafaa kuihukumu kuliko wengi, na sababu zake utaziona.

Filamu hii ina sehemu tisa, nayo ilionyeshwa katika televisheni za Uingereza na Marekani mwaka 1986, ikiwa kazi ya BBC pamoja na kituo cha WETA cha Washington. Mtungaji na msemaji wake ni Profesa Ali Mazrui. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache: Mwafrika wa leo amerithi kutoka pande tatu, yaani mila za asili za bara lake, Uislamu na ustaarabu ulioandamana nao, na mambo ya Magharibi, kama Ukristo, shule, mashine na serikali ya kikoloni. Taabu zetu nyingi, asema, zatokana na mambo hayo matatu kukaa katika nyumba moja bila ya kupatana.

Ni nani aliyesema hayo? Alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, naye ndiye aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwahimiza Waislamu wa pwani watwae elimu ya Wazungu pasipo kuwaiga Wazungu katika kila jambo. Sheikh alitamani mwanawe akasome Al-Azhar, huko Misri, lakini mambo hayakwenda hivyo. Kijana alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, akakosa nafasi Makerere, akawa karani katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Ufundi. (Mwanafunzi uliyevunjika moyo kwa sababu ya alama zako, soma sentensi hiyo mara ya pili.) Mwaka 1955, umri wake miaka 22, alipelekwa Huddersfield, Uingereza, kumaliza masomo ya sekondari. Kutoka hapo akaenda Manchester, kisha New York, kisha Oxford. Akarudi kufundisha Makerere, ambako alikuwa profesa kabla ya kutimiza miaka 35, na mwaka 1973, katika siku za Idi Amin, akaondoka Uganda. Tangu hapo makao yake yakawa Marekani mpaka kufa kwake mwezi wa Oktoba 2014, na mwili wake ukarejeshwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu filamu yenyewe ni maneno ya mtu aliyekuwa ughaibuni kwa miaka mingi, akiwaeleza wenyeji wake habari za kwao. Hapo ndipo penye nguvu zake. Miaka miwili kabla yake, Mwingereza Basil Davidson alikuwa ametengeneza filamu ya sehemu nane juu ya historia ya Afrika, tena filamu nzuri, yenye heshima. Lakini Davidson hakuwa na budi kusema "wao". Mazrui alisimama mbele ya kamera akasema "sisi", naye alikuwa Mwislamu wa pwani aliyeijua Kurani na aliyeijua Oxford. Aanza na laana ya mizimu ya Afrika iliyokasirishwa na watoto wake, na tangu hapo haombi radhi. Huko Marekani, Bibi Lynne Cheney, aliyekuwa mkuu wa mfuko wa serikali uliosaidia gharama, aliiona filamu kuwa matusi juu ya Magharibi, akataka jina la mfuko wake liondolewe. Ukiitazama leo utashangaa kidogo kwa hasira ile. Kosa kubwa la Mazrui mbele ya wafadhili lilikuwa kwamba hakushukuru kama ilivyotazamiwa.

Lawama nzito zaidi ilitoka Afrika penyewe. Wole Soyinka wa Nigeria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka ule ule wa 1986, alidai kwamba filamu imeupendelea Uislamu na kuzidharau dini za asili, kana kwamba Mwafrika alikuwa ubao mtupu uliongoja kuandikwa na wageni. Mazrui akamjibu katika jarida la Transition mwaka 1991, na maneno yakawa makali kupita yale yawapasayo watu wazima wawili wenye elimu kiasi hicho. Mimi naona Soyinka alikuwa na haki nusu. Ili tuione hiyo nusu, tuvuke kivuko cha Likoni.

Upande wa kusini wa kivuko ni nchi ya Wadigo. Wadigo waliingia Uislamu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kabla ya hapo urithi kwao ulifuata upande wa mama: mtu akifa, mali yake ilikwenda kwa wapwa, wana wa dada yake. Sharia, kinyume cha hayo, yawapa haki watoto wake mwenyewe. Basi mzee Mwislamu alipokufa, akiacha minazi yake, mpwa alikuja na mila, mtoto akaja na sharia, na shauri likaweza kufika mbele ya hakimu wa serikali ya Kiingereza. Hiyo ndiyo mirathi mitatu ya Mazrui, msomaji, katika shamba moja, tena ikigombania miti inayohesabika. Wakati huo huo misitu ya kaya iliendelea kuheshimiwa, nayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Filamu yapenda kutuonyesha urithi kwa picha kubwa: mnara wa msikiti, msalaba wa kanisa, ngoma ya kijiji, kila kimoja mahali pake. Lakini Mdigo hakuwa kijiji huku na msikiti kule. Alikuwa mtu mmoja mwenye wapwa na watoto. Soyinka naye alikosa jambo hili, kwa kuwa alizitetea dini za asili kana kwamba zimewekwa mbali na Uislamu kwa ukuta.

Changamwe sitakaa sana. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013 viliwavuta watu wa bara, na kwa wengi wao Magharibi ilikuja katika sura ya mshahara wa mwisho wa mwezi kabla ya kuja katika sura ya kitabu. Filamu yalijua hilo na kulieleza vizuri.

Jambo linalonisumbua liko Kisauni. Neno "urithi" si jepesi. Latuambia kuwa kuna aliyekufa, kuna mali, na kuna warithi. Lakini pwani yetu ilikuwa na watu ambao wao wenyewe walihesabiwa katika mali. Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa hadi Sayyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Kisha matawi yake yakashika Takaungu na Gasi, ambako mashamba yalilimwa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na mwaka 1875 wamisionari wa CMS wakaanzisha Frere Town katika ardhi ya Kisauni. Hapo waliwekwa mateka waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza, wakisaidiwa na Waafrika waliokuwa wamelelewa Bombay na Nasik, huko Bara Hindi, wakarudi wakiwa Wakristo wenye kazi za mikono. Watoro nao wakakimbilia huko na Rabai, hata mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa wakatishia kuishambulia Frere Town. Kengele ya mahali hapo ingalipo njia panda, nayo ndiyo iliyopaita Kengeleni.

Juu ya utumwa, hasira ya Mazrui katika filamu imeelekea Atlantiki. Akifika upande wetu wa bahari sauti yake hushuka, na hukazia kwamba kwa Waarabu mtumwa aliweza kuchanganyika na ukoo wa bwana wake. Hilo si uongo: mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru, akarithi pamoja na ndugu zake. Lakini suria mwenyewe hakuulizwa, na mlimaji wa Takaungu hakuzaa na bwana. Mtu aliyesimama kisiwani, katika nyumba iliyorithi, huona mchanganyiko. Aliyesimama Kengeleni humwona mtu aliyekimbia usiku.

Tena kuna habari ya fedha. Mwishoni mwa mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ilikubali kuwalipa wenye watumwa, na watoro zaidi ya 1,400 walioishi Rabai na vituo vingine vya misheni wakapewa hati za uhuru. Mwaka 1907, sheria ilipouondoa utumwa katika pwani ya Kenya, fidia ililipwa tena, na mara hii pia wakalipwa mabwana. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimteua Mazrui awe mmoja wa watu mashuhuri wa kudai fidia ya utumwa kutoka mataifa ya Magharibi, na kazi hiyo aliitetea kwa ufasaha uliomjulisha duniani kote. Utakapoitazama sehemu ya nne, ile ihusuyo zana za unyonyaji, msikilize anavyolihesabu deni la Liverpool. Kisha umuulize, kwa heshima ipasayo mwalimu, ni nani aliyebaki akiwadai wale waliolipwa Mombasa.