Sola ya nyumbani ndiyo safi zaidi? Tuhesabu vizuri

Wasomi wenzangu, hapa Goma banasema paneli ya juu ya nyumba ina kaboni kidogo kuliko mtambo mkubwa, kama ule wa Nuru wa megawati 1.3, juu mtambo unakula chuma na simenti. Ni kweli, paa ilikuwa tayari iko. Lakini hesabu hiyo inasahau betri. Kwetu zilikufa mbili kwa miaka mitano, na kila mpya ilikuja na kaboni yake ya kiwandani na ya safari. Tena mchana betri ikishajaa, umeme unapotea bure. Mtambo ungeupeleka kwa jirani. Mi naona tugawe kaboni yote kwa kilowati-saa zilizotumika kweli. Kisha ndiyo tubishane.