Prosesa Iliyoficha PAE

Katika maduka ya kompyuta za ex-UK, yawe ya Makutano mjini Meru au ya Embu, mashine ikilemewa na Windows fundi huiwekea Linux. Kwa kawaida kazi hiyo huisha bila jasho. Vipakatalishi vya enzi ya Pentium M, ThinkPad T40 kwa mfano, vilikuwa na ukaidi wao. Mwaka 2012 Ubuntu ilipoanza kuachana na keneli zisizotumia PAE, mashine hizo ziligoma hatua ya kwanza kabisa, zikionyesha ujumbe kwamba prosesa haina PAE.

Ilikuwa nayo.

PAE ni mtindo wa kupanga majedwali ya kurasa za kumbukumbu ambapo kila ingizo huwa na biti 64 badala ya 32. Prosesa ya biti 32 ikiutumia inaweza kufikia GB 64 za kumbukumbu badala ya 4. Intel ilitoa Pentium M ya kwanza, Banias, mwaka 2003. Uwezo wa PAE ulikuwemo ndani, ila prosesa ilipoulizwa sifa zake haikuutaja. Mficha uchi hazai, lakini hapa hakuna aliyejali: T40 hupokea GB 2 tu za kumbukumbu, kwa hiyo PAE haikuiongezea chochote. Taabu ilizuka pale keneli yenyewe ilipojengwa kwa mtindo huo.

Kwa nini keneli isijaribu tu, ione kama kitu kinafanya kazi? Kwa sababu inapoanza haina wa kuipokea ikianguka. Ikiwasha biti ambayo prosesa haiitambui katika rejista ya CR4, prosesa hutoa hitilafu. Na kama mpokeaji wa hitilafu hajawekwa bado, hitilafu huzaa nyingine, kisha mashine hujizima na kujiwasha upya bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Ndiyo maana keneli huuliza kwanza, na huuliza kwa utaratibu.

Chombo cha kuulizia ni amri ya CPUID, ambayo nayo haikuwepo kwenye 386 wala 486 za mwanzo. Keneli hujaribu kugeuza biti ya 21 ya rejista ya bendera, kisha huisoma tena: ikigeuka, CPUID ipo. Hapo huuliza ukurasa sifuri wa CPUID, unaotaja mtengenezaji na namba ya juu kabisa ya ukurasa unaoweza kuulizwa. Kuiruka namba hiyo ni kosa baya. Prosesa ya Intel ikiulizwa ukurasa uliozidi kiwango chake hailalamiki. Hurudisha data ya ukurasa wake wa mwisho, na keneli isiyo makini husoma humo sifa za kubuni. Baada ya hapo ndipo PAE husomwa, biti ya 6 ya rejista ya EDX katika ukurasa wa kwanza.

Kwa Banias, utaratibu wote huo uliishia kwenye sifuri. Dawa iliingia Linux 3.15 mwaka 2014, kwa jina la forcepae. Mtumiaji huliandika neno hilo kwenye mstari wa kuwashia, keneli humwonya, huiwasha PAE, kisha hujitia alama kwamba inaendeshwa nje ya masharti ya mtengenezaji. Uamuzi huo ni wa busara: hatari ameichagua mwenye mashine, na atakayesoma ripoti ya hitilafu baadaye ataliona hilo.

Kuna pia prosesa zinazokiri zaidi ya zinavyoweza. PCID ni sifa inayoiwezesha prosesa kuhama kutoka programu moja hadi nyingine bila kufuta akiba ya tafsiri za anwani, na thamani yake ilipanda Januari 2018 baada ya udhaifu wa Meltdown kutangazwa. Prosesa za Intel za Alder Lake na Raptor Lake zinaitangaza waziwazi. Hata hivyo iligunduliwa kwamba PCID ikiwa imewashwa, amri ya INVLPG inaweza kuacha tafsiri za kurasa za pamoja bila kuzifuta. Mwaka 2023 Linux iliamua kuizima PCID kwenye prosesa hizo, ingawa zinaitangaza.

Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Embu, au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, hahitaji kutafuta mashine ya 2003 ili ayaone haya. Programu ya QEMU huigiza prosesa ya aina anayotaka. Akiichagulia “pentium”, keneli ya PAE itagoma kama ilivyogoma kwenye T40. Hata akiandika forcepae haitamsaidia, maana kabla ya kulitii neno hilo keneli hukagua kama ni Intel, familia ya 6, modeli ya 9 au 13. Pentium ya kale haina PAE ya kulazimishwa.