Manukato ya Bei Ghali: Tunalipia Harufu au Chupa?

Msimu wa mavuno ukifika Moi's Bridge, malori ya mahindi hujipanga kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, na pesa zikishaingia mifukoni biashara ya mji mzima huamka, ya manukato ikiwemo. Kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale utapata mafuta yanayopimwa kwa bomba la sindano, chupa ya kupuliza yenye jina linalokaribiana na la kampuni kubwa ya Paris, na mara mojamoja chupa yenyewe ya Paris iliyoletwa na jamaa kutoka Nairobi au Dubai. Bei ya hiyo ya mwisho inaweza kuzidi ile ya kwanza mara ishirini. Je, ubora nao umezidi mara ishirini? Jibu langu ni hapana. Hata hivyo, kuna sehemu ya bei hiyo inayolipia kitu halisi, na sehemu hiyo inapimika.

Tuanze na kilichomo ndani. Manukato ya kupuliza ni mafuta ya harufu yaliyochanganywa na alkoholi. Maandishi ya Kifaransa kwenye chupa hutaja wingi wa mafuta hayo: eau de cologne huwa na takriban asilimia 2 hadi 5, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na parfum huanzia 20 kwenda juu. Wauzaji husema asilimia ikipanda harufu inadumu. Huo ni ukweli nusu. Kinachoamua zaidi ni kasi ya kila kiungo kugeuka mvuke. Limau na chungwa hutoweka upesi hata vikitiwa kwa wingi. Waridi na asumini hukaa saa kadhaa. Msandali, vanila na miski huweza kubaki hadi jioni. Mtungaji stadi huvipanga ili kimoja kikiondoka kingine kiwe tayari kushika nafasi yake. Manukato mengi ya bei ya chini huweka nguvu zote katika dakika za kwanza, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi anapoamua, akiwa bado dukani.

Hoja ya pili ya wauzaji ni viungo vya asili. Vingine ni ghali kwa sababu za wazi. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji zaidi ya tani tatu za maua. Udi hupatikana pale mti wa jamii ya Aquilaria unapoingiwa na kuvu na kujihami kwa kutoa utomvu, na mwaka 2004 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kudhibiti biashara ya aina zote za miti hiyo. Lakini kiungo cha maabara si udanganyifu. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini bila kugusa tunda la vanila. Baadaye viwanda viliitengeneza kwa miaka mingi kutokana na eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, wakati ambapo karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba. Jicky ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1889, ilitumia vanilini ya maabara, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za Ufaransa. Anayekataa kemikali zote anakataa karibu manukato yote ya kifahari.

Kinyume chake pia ni kweli: bei kubwa haithibitishi kwamba ndani mna viungo vya thamani. Mwaka 2006 mtungaji Mjerumani Geza Schoen alitoa Molecule 01, ambayo harufu yake yote ni kemikali moja, Iso E Super, inayotumiwa pia katika manukato mengi ya kawaida. Iliuzwa kwa bei ya anasa na ikapata wapenzi wengi. Waliolipa hawakupata malighafi adimu. Walilipia ubunifu wa mtu aliyethubutu kuiacha kemikali hiyo isimame peke yake.

Je, nakala hukaribia asili kiasi gani? Kesi ya Trésor inatupa jibu lenye takwimu. Manukato hayo ya Lancôme yalitungwa na Sophia Grojsman na kutoka mwaka 1990. Kampuni ya Kecofa ya Uholanzi ikauza Female Treasure kwa bei ya chini mno. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba kati ya viungo 26 vya harufu vya Trésor, 24 vilikuwemo katika nakala. Juni 2006 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilikubali kwamba harufu inaweza kulindwa na hakimiliki, ilhali mwezi huohuo mahakama ya juu ya Ufaransa ilikataa wazo hilo katika kesi nyingine. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, ikapinga orodha zinazolinganisha nakala na chapa maarufu. Orodha za namna hiyo, namba hii inanukia kama chapa ile, ndizo mpimaji wa mafuta humwonyesha mteja hata huku kwetu.

Kwa mnunuzi, 24 kati ya 26 inamaanisha kwamba nakala nzuri inaweza kufika karibu sana na asili. Lakini orodha ya viungo haielezi kila kitu. Daraja la kila kiungo na uwiano wake hubadilisha harufu, na tofauti hiyo hujitokeza saa zinapopita.

Hapo mkulima wa Moi's Bridge ana somo la kutufundisha. Ghala halipokei mahindi kwa uzuri wa gunia. Linapima unyevu, usiozidi asilimia 13.5. Manukato nayo yapimwe hivyo. Mwombe mtu apulize aina mbili kwenye vipande vya karatasi vilivyotiwa alama, wewe usizione chupa, maana jina na bei huhadaa pua. Utakayoipenda, ipake kwenye ngozi bila kusugua. Inuse mara moja, kisha baada ya nusu saa, kisha baada ya saa sita ukiwa katika shughuli zako. Mwombe na mwingine anuse, kwa kuwa pua huzoea harufu, na watu wengi hawasikii kabisa baadhi ya miski. Kumbuka pia hali ya hewa: katika baridi ya asubuhi ya huku harufu huinuka polepole kuliko katika joto la Mombasa. Sifa uliyosikia Pwani huenda isitimie hapa.

Kisha piga hesabu. Mpulizo mmoja hutoa takriban mililita 0.1, hivyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo kama 1,000. Tuchukue mfano wa chupa ya shilingi 15,000 inayotosheleza kwa mipulizo mitatu kwa siku: hiyo ni shilingi 45 kila siku. Chupa ya shilingi 1,500 inayokulazimu kupuliza mara tatu asubuhi, tatu mchana na tatu jioni hugharimu shilingi 13.50 kwa siku. Pengo la mara kumi limeshuka hadi mara tatu na kidogo. Pengo linalobaki ndilo unalolipia jina, chupa, matangazo, usafiri na kodi, pamoja na uzuri wa utunzi. Lakini kama ile ya ghali nayo inatoweka adhuhuri, haina utetezi wowote.

Hesabu hii yote haina maana ikiwa bidhaa ni ghushi. Chupa yenye jina la Paris kwa bei ya soko la jioni si bahati. Ni onyo, kwa sababu manukato ghushi yameshawahi kukutwa na methanoli, ambayo ni sumu. Nakala inayouzwa waziwazi kwa jina lake yenyewe ni ya uaminifu kuliko feki inayojivika jina la mwingine.

Hukumu yangu ni hii. Kutoka bei ya chini kabisa hadi ya kati, pesa unayoongeza mara nyingi hununua harufu bora na inayodumu. Kutoka ya kati kwenda juu, mara nyingi hununua jina. Wauzaji wa Moi's Bridge, Kitale na Bungoma, mruhusuni mteja aondoke na harufu kwenye mkono wake na arudi kesho kununua. Nawe mnunuzi, usilipe siku hiyohiyo. Nunua ile ambayo jioni, baada ya kazi, bado unaipenda.