NENO “VINASABA” KATIKA KISWAHILI CHA SAYANSI

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa mambo mawili: kwanza, kama inalitenga jambo linalotajwa na mambo yaliyo jirani nalo, pili, kama yaingia kinywani mwa msemaji bila kumkwaza. Neno “vinasaba” limefaulu vizuri katika jambo la pili. Limo magazetini, limo mahakamani, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inayosimamia uchunguzi wa vinasaba vya binadamu imelipa heshima ya kiserikali. Walakini katika jambo la kwanza lina upungufu, na upungufu wenyewe si mdogo.

Yafaa kuanza kwa kusikiliza lugha ya mjini. Kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, kando ya Mtaa wa Lumumba, hadi maduka ya Kariakoo, watu aghalabu husema “wamepimwa DNA”, wakizitamka herufi hizo kwa Kiingereza. Na upatanisho wao ni wa ngeli ya N: “DNA yake”, “DNA zao hazikulingana”. Basi neno la karatasi na neno la barazani yanaishi pamoja Dar es Salaam. Haitoshi kusema kwamba la kwanza ni Kiswahili na la pili ni la kigeni, kwa maana “nasaba” nalo lilitoka katika Kiarabu. Lililo muhimu ni kujua kila neno linabeba maana gani.

DNA ni molekuli ndefu yenye nyuzi mbili zilizosokotana. Umbo lake lilielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, wakisaidiwa na picha ya eksirei iliyotoka katika kazi ya Rosalind Franklin mjini London. Mshonaji wa Kariakoo angeuelewa muundo huo upesi kwa mfano wa zipu: pande mbili zenye meno, kila jino likishikana na mwenzake. Meno hayo ni besi nne. Adenini hushikana na timini, na guanini hushikana na sitosini. Zipu ikifunguliwa, kila upande watosha kuwa kielelezo cha kuundia upande wa pili. Mwanadamu ana jozi za besi zipatazo bilioni 3 katika seti moja ya kromosomu. Lakini jeni zinazoagiza protini ni kama 20,000 tu, na vipande vyake vyenye agizo lenyewe la protini havichukui hata sehemu 2 katika 100 za urefu huo.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza inapoonekana. Wanaotumia “kinasaba” kwa maana ya jeni, kisha wakaiita DNA “vinasaba”, wamekiita kizima kwa wingi wa kipande. Ni sawa na kuiita Kariakoo “maduka”. Maduka yamo, tena mengi, lakini mtaa una nyumba, njia, misikiti na mengineyo ambayo si maduka.

Kasoro ya pili ni ya sarufi. Kiambishi ki- huunda nomino, na pia huonyesha namna au jinsi, kama katika “kisheria” na “kihistoria”. Msomaji akikuta “uhusiano wa kinasaba” hajui kama ni uhusiano wa jeni moja, au uhusiano wa namna ya ukoo. Muktadha humwokoa mara nyingi, lakini istilahi isiyoweza kusimama bila muktadha haijakamilika.

RNA nayo imeachwa nje ya mlango. Hii ni molekuli ambayo kwa kawaida ina uzi mmoja. Sukari yake ni raibosi, na mahali pa timini pana urasili. Kazi yake mojawapo ni kunakili agizo la DNA na kulipeleka kwenye raibosomu, ambako herufi tatu tatu husomwa na protini ikaundwa. Ugonjwa wa selimundu waonyesha uzito wa kazi hiyo: katika agizo la hemoglobini, GAG ikiwa GUG, asidi ya glutamiki huondoka na valini huingia, na chembe nyekundu ya damu huweza kupinda kama mundu. RNA haikukosea, ilinakili kwa uaminifu kosa lililokuwamo. Jina “selimundu” ni la kusifiwa, maana lataja kinachoonekana bila kumtaja mzazi yeyote. Mtoto hupata ugonjwa huo kwa kurithi kosa hilo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo yahusu “nasaba” yenyewe. Katika mila ya Kiislamu ya pwani nasaba huhesabiwa kwa baba. Upande wa mama hutajwa kwa maneno mengine, kama “ndugu wa tumbo moja”. Lakini DNA ya mitokondria, yenye jozi 16,569, hurithiwa kwa mama. Mwezi wa Machi 2023 Chapurukha Kusimba na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, wakiwamo watu wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Na sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Michanganyiko ilianza yapata mwaka 1000. Mwandishi akieleza matokeo hayo kwa kusema “nasaba ya Waswahili ni ya Uajemi”, atakuwa amefuata maana ya pwani barabara, na papo hapo atakuwa amewafuta mabibi. Neno limehukumu kabla ya ushahidi kusomwa.

Si lazima “vinasaba” litupwe. Lina wepesi, na sheria imekwisha kulipokea. Na libaki katika habari za kumtambua mtu na wazazi wake. Katika vitabu vya elimu, hata hivyo, yapasa molekuli ziitwe DNA na RNA, sehemu yenye agizo iitwe jeni, na “nasaba” liachiwe wenye kuhesabu koo. Kwa mgawanyo huo msemaji wa Mnazi Mmoja hatakuwa na la kujifunza upya. Ni kamusi zitakazokuwa zimemfuata.